Mlango wa Universite: Mashauri kwa Vijana wa Fizi na Baraka, na kwa Wale Wanaowaongoza

Kila mwaka, mara matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, kelele za furaha husikika Baraka nzima, toka sokoni hata ufukoni mwa ziwa, na juu milimani Fizi vilevile. Vijana hupakana poda nyeupe, mama hupiga vigelegele, baba hutafuta mbuzi. Siku chache baadaye, furaha ikisha tulia, kijana hufika mbele ya nyumba ya mapadri, ao kwa katekista wa kijiji chake, akiwa na ulizo moja tu: "Sasa nifanye nini ili niingie universite?"

Wapendwa wasomaji, tumeona ya kuwa wengi wetu hatujui kumjibu vizuri. Twamwambia: "Sali, mwanangu, Mungu atakusaidia." Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha ya kuwa mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza, akahesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa kuacha kazi katikati. Kijana aliyefika universite na dosie mbaya hurudishwa mlangoni, hata akiwa na akili nyingi. Ng'ombe wa baba yake ameuzwa, nauli ya boti imekwisha kulipwa, na mwaka mzima umepotea. Basi tunataka kueleza jambo hili hatua kwa hatua, ili padri, katekista na mseminari waweze kumwongoza kijana bila kumdanganya, wala kujidanganya wenyewe.

1. Tumetoka wapi?

Yafaa tukumbuke kwanza ya kuwa mlango huu haukuwa wazi siku zote. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, alipewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, kandokando ya ziwa letu hili la Tanganyika. Alijifunza Kilatini na filosofia seminarini, maana kwa mtu mweusi wa Kongo hapakuwa na shule nyingine ya juu. Universite ya kwanza, Lovanium ya Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954. Ile ya Élisabethville ilifuata mwaka 1956. Mwaka huohuo Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, Ubelgiji, na watu wakamhesabu kuwa mlei wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya universite. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye diploma kama hiyo hawakufika 30 katika nchi nzima.

Mwaka 1963 universite ya tatu ilianzishwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1971 Serikali iliziunganisha zote tatu kuwa moja. Mwaka 1981 ikazitenga tena. Muda huo wote kijana wa Fizi aliyetaka masomo ya juu alilazimika kwenda mbali sana: Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani. Hapa Kivu palikuwa na shule ya juu ya kufundisha walimu, ISP ya Bukavu, iliyoanza mwaka 1961. Baadaye milango ilifunguka: Universite Katolika ya Bukavu mwaka 1989, ile ya Kiprotestanti, UEA, mwaka 1991, na ile ya Serikali, UOB, iliyoanza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani, ikajitegemea mwaka 2004. Leo kuna shule za juu Uvira na Kalemie, na hata Baraka na Fizi zimefunguliwa. Kwa hiyo ulizo limegeuka. Zamani waliuliza: "Je, kuna universite?" Leo twapaswa kuuliza: "Ni ipi? Na karatasi zangu, je, ni sawa?"

2. Diploma ya Serikali

Ufunguo wa kwanza ni diploma ya Serikali. Mtihani wake, ambao watu huuita Exetat, unafanywa nchini tangu mwaka 1967. Mwanafunzi huandika kwanza insha ya Kifaransa, hujibu kwa mdomo, hufanya na kazi za mikono kwa kadiri ya sehemu aliyosoma. Baadaye hukaa siku nne kujibu maulizo, akichagua jibu moja kati ya mengi. Anayefikia 50 kwa 100 amefaulu.

Lakini kufaulu si kuingia. Pursa ya mtu huandikwa juu ya diploma, na inamfuata popote. Mwenye 52 na mwenye 70 wote wana diploma, lakini fakulte fulani, kama ile ya kujifunza uganga ao ile ya mainjinia, huomba pursa ya juu, ao huwapa wote mtihani wake yenyewe kabla ya kuwapokea. Tena sehemu aliyosoma kijana ina maana. Aliyesoma ualimu ao biashara asishangae akiambiwa afanye kwanza mwaka wa matayarisho ili aingie katika masomo ya hesabu na sayansi. Kwa hiyo shauri la universite halianzi siku ya matokeo. Linaanza siku mtoto anapochagua sehemu yake katika masomo ya sekondari. Katekista mwenye mtoto wa miaka 14 nyumbani, afikiri sasa.

Jambo jingine: diploma yenyewe hukawia kufika kutoka Kinshasa, pengine mwaka, pengine zaidi. Kwa muda huo kijana hutumia hati ya muda inayoshuhudia ya kuwa amefaulu. Aitunze kama mboni ya jicho. Na diploma ikisha fika, aende kuichukua mara moja, asiiache kwa prefe miaka kumi. Shule zimechomwa moto katika vita, na makabati yake pamoja nazo.

3. Dosie

Katika universite za Kongo, dosie ya kuomba nafasi huwa karibu sawa popote. Haya ndiyo mambo yanayoombwa kwa kawaida:

a) barua ya kuomba, inayoandikiwa Rekta, yenye kutaja fakulte anayotaka kijana, na fakulte ya pili kama ya kwanza imejaa;
b) fotokopi ya diploma ya Serikali ao ya hati ya muda;
c) biletini za miaka miwili ya mwisho ya sekondari;
d) hati ya kuzaliwa;
e) hati ya mwenendo mwema;
f) hati ya munganga ya kuwa mwili wake ni mzima;
g) picha ndogo za uso, na feza za kuandikishwa.

Kijana asiende na fotokopi tupu. Tulimjua mmoja aliyesafiri siku mbili, akafika na fotokopi nzuri zenye muhuri, lakini karatasi za asili alikuwa ameziacha nyumbani chini ya godoro. Waliomba kuziona, hakuwa nazo. Alirudi, na aliporudi tena, orodha ilikuwa imefungwa. Hapa watu hupenda kusema kwa mchezo ya kuwa haraka haraka haina Baraka. Kijana huyu alikuwa na haraka, na kweli alirudishwa Baraka.

Juu ya hati ya kuzaliwa tunataka kukaa kidogo, maana hapo ndipo watoto wa Fizi huanguka zaidi. Sheria ya jamaa, ilivyogeuzwa mwaka 2016, huwapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa Serikali. Ni wazazi wangapi wa milimani, ao wa Ubwari, wamefanya hivyo? Na wale waliozaliwa porini wakati wa vita, mwaka 1996 ao 1998, jamaa zao zikikimbia, waliandikishwa na nani? Siku 90 zikisha pita, biro haiwezi kuandika tu. Inahitaji hukumu ya baraza inayoshika mahali pa tangazo lile lililokosekana. Hukumu hiyo huomba muda, mashahidi na feza. Basi isitafutwe katika juma la mwisho.

Hapo kitabu cha ubatizo cha parokia kina kazi kubwa. Hati ya ubatizo si hati ya kuzaliwa ya Serikali, nasi tusimwambie kijana ya kuwa inatosha. Lakini mbele ya baraza ni ushuhuda wenye nguvu: inaonyesha siku, mahali, baba na mama. Padri anayetunza kitabu chake vizuri, na katekista anayeandika tarehe sawasawa, hao wamekwisha saidia mwanafunzi miaka 18 kabla hajaja kuuliza.

Tena angalieni majina. Kwa desturi ya nchi yetu mtu ana jina, jina la pili, na jina la Kikristu. Mwaka 1972 Serikali ya wakati ule ilikataza majina ya Kikristu. Kwa hiyo wazee wengi wana jina moja katika kitabu cha parokia na jina lingine katika kitambulisho. Watoto wao nao huandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu: herufi moja imezidi hapa, jina la pili limekuwa la kwanza pale. Kijijini si kitu, kila mtu anamjua mwenzake. Katika biro ya universite, na zaidi mbele ya ubalozi, hao ni watu watatu mbalimbali. Asahihishe kosa kwa njia ya sheria, na mapema. Nanyi mapadri, kijana akilia mbele yenu, msifute kitabu wala kugeuza tarehe ili kumpendeza. Hati ya uwongo iliyotiwa muhuri wa parokia huharibu hati za kweli za parokia nzima.

4. Kuchagua shule

Wingi wa shule za juu ni neema, lakini ni hatari vilevile. Shule nyingine zina jina kubwa juu ya kibao na walimu wawili ndani. Serikali huchunguza shule, hutangaza zile zinazofaa, na kufunga nyingine. Mwanafunzi wa shule isiyokubaliwa anaweza kumaliza miaka yote, akavaa toga, akapigwa picha, na mwisho diploma yake isipokelewe popote. Kwa hiyo kijana aulize maulizo matatu kabla ya kulipa hata franka moja: Je, shule hii ina ruhusa ya Serikali, na amri hiyo ni ya mwaka gani? Je, fakulte ninayotaka imo katika ruhusa hiyo? Je, waliomaliza hapa wamepokelewa wapi kazini ao kwa masomo zaidi? Shule njema haikasirikii maulizo hayo.

Ajue pia ya kuwa masomo yenyewe yamegeuka. Zamani mtu alifanya graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeanza kufuata namna iitwayo LMD: lisansi ya miaka 3, mastere ya miaka 2, kisha udaktari wa elimu. Kila mwaka una kredi 60, hivi lisansi ni kredi 180. Masomo ya uganga yana miaka yake zaidi. Mzee aliyesoma zamani asimwambie mtoto ya kuwa lisansi ya leo ni ileile ya wakati wake. Jina ni moja, hesabu si moja.

Na njia? Toka Baraka hata Uvira ni kilometa karibu 90, lakini kilometa hizo zajulikana: mvua, mito isiyo na daraja zuri, na watu wenye bunduki. Mwezi wa pili mwaka 2025 vita vilifika Bukavu. Mwezi wa kumi na mbili vikafika Uvira. Wanafunzi wengi wa Fizi walikatwa na shule zao. Wengine walitazama kusini, Kalemie na Lubumbashi, wakipita ziwani. Hatuwezi kumwambia mzazi: "Mpeleke huku, usimpeleke kule." Twasema tu: kabla ya kuchagua, aulize waliosafiri juma hilo, si waliosafiri mwaka jana. Tena aulize shule kama kijana akikatwa na vita atapewa nafasi ya kufanya mitihani yake baadaye.

5. Mwanafunzi wa nchi na mwanafunzi mgeni

Hapa kwetu ulizo hili si la mbali. Tangu mwaka 2015 kambi ya Lusenda, katika Fizi yenyewe, imepokea wakimbizi wa Burundi, na watoto wao wamesoma katika shule za Kongo pamoja na watoto wetu. Ng'ambo ya ziwa, kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, imekaa na Wakongo tangu mwaka 1996, wengi wao watu wa Fizi. Mtoto wa Kibembe ni mwenyeji Baraka na mgeni Kigoma. Mtoto wa Kirundi ni mgeni Lusenda na mwenyeji Bujumbura. Kwa hiyo neno "mgeni" mbele ya universite si tusi. Ni neno la karatasi: lataka kujua diploma ilitoka nchi gani, na mtu ni raia wa nchi gani. Mambo hayo mawili ni mbalimbali, wala yasichanganywe. Mrundi aliyepata diploma ya Serikali ya Kongo hahitaji kuipimisha ili asome Kongo. Lakini kwa uraia wake anabaki mgeni, naye aulize mapema feza anazopaswa kulipa. Mkongo aliyemaliza sekondari Burundi ni mwenyeji kwa uraia, lakini diploma yake lazima ipimwe na Serikali ya Kongo. Kupima huko ndiko kunakoitwa ekivalansi.

Kwenda Burundi. Universite ya Burundi ilianza mwaka 1964, na lugha yake ni Kifaransa, basi mtoto wetu hapotei upande wa lugha. Munganga Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alijifunza uganga huko, akamaliza mwaka 1983, kisha akajifunza uganga wa wanawake Angers, Ufaransa. Alirudi nyumbani, akaanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapewa Nobel ya amani mwaka 2018. Tunamtaja ili vijana wajue ya kuwa kuvuka mpaka kwa ajili ya masomo si kuikimbia nchi, kama mtu anarudi. Lakini diploma ya Kongo hupimwa Burundi pia, na mpaka hufungwa wakati wa vita.

Kwenda Tanzania. Hapa wengi hudanganyika. Husema: "Twajua Kiswahili, basi tutasoma Tanzania." Kumbe katika universite za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Diploma yetu ya sekondari hupimwa na baraza la mitihani la nchi ile, NECTA. Na mambo ya universite yote husimamiwa na kamisheni iitwayo TCU. Karatasi za Kifaransa hutafsiriwa kwa Kiingereza na mtu anayekubaliwa, si na rafiki anayejua maneno kidogo. Mikopo ya Serikali ya Tanzania kwa wanafunzi ni kwa raia wake. Na mkimbizi wa Nyarugusu huhitaji ruhusa ya kutoka kambini kabla ya kwenda popote.

Mtu atauliza: "Kongo si imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki? Basi tulipe kama wenyeji." Ni kweli, Kongo iliingia mwaka 2022, na nchi za Jumuiya zimekwisha kusema ya kuwa zataka wanafunzi wa Jumuiya wasitendewe kama wageni kabisa. Lakini kila universite hufanya kwa namna yake. Dawa ni kuuliza kwa barua, na kungoja jibu la barua: "Mimi ni raia wa Kongo, nchi ya Jumuiya, nitalipa bei gani?" Asitegemee neno la mtu wa njiani.

Kwenda Ulaya. Ufaransa ina njia yake maalum kwa wanafunzi wa Kongo, inayoitwa Campus France. Kwa Ubelgiji dosie ya ekivalansi hutumwa mapema, kabla ya katikati ya mwezi wa saba, mwezi ambao wengi wetu bado twangoja matokeo. Tena huombwa paspoti, viza, karatasi zilizothibitishwa Kinshasa, na ushuhuda wa feza za kuishi mwaka mzima. Mambo hayo hayamalizwi kwa mwezi mmoja. Anayetaka kwenda Ulaya aanze mwaka mmoja kabla. Na huo mwaka asiukae bure, bali aanze masomo hapa nchini.

6. Feza, bursi na wadanganyifu

Mzazi akisikia "minervali" hufikiri ni bei yote. Hapana. Kuna feza za kuandikishwa, minervali, feza za mitihani, vitabu, nyumba, chakula, munganga na safari. Kila mwaka Serikali hutoa maagizo ya masomo ya juu yenye kutaja feza zinazoruhusiwa. Kijana aulize maagizo ya mwaka ule, alipe benki ama kwa biro ya shule, na aweke stakabadhi zote. Jamaa iketi pamoja na kuhesabu si mwaka wa kwanza tu, bali miaka mitatu. Ni afadhali shule ya karibu iliyomalizika kuliko shule ya mbali iliyoachwa katikati.

Bursi zipo, lakini ni chache. Kwa wakimbizi kuna ile iitwayo DAFI, ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyoanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Huwasaidia kusoma katika nchi iliyowapokea. Mkimbizi wa Lusenda ao wa Nyarugusu aulize katika biro ya shirika hilo, si mahali pengine.

Maana wadanganyifu wamekuwa wengi. Hupiga simu, hujiita wakubwa, huahidi nafasi Kanada ao Marekani, kisha huomba dola za "kufungua dosie". Kumbukeni alama hizi. Bursi ya kweli haiuzwi. Shule ya kweli haiombi feza kwa simu ya mtu binafsi. Barua ya kweli hutaja jina la masomo, mwaka, na mtu wa kujibiwa. Na anayesema "Usimwambie mtu, nafasi ni moja tu" anaficha jambo. Wizi wa namna hii ni mbaya kuliko wizi wa mbuzi, kwa sababu huiba feza na tumaini pamoja. Tena tuseme wazi: anayenunua pursa ya uwongo ao diploma ya uwongo naye ni mwizi, amenyang'anya nafasi ya mtoto wa maskini aliyesoma usiku kwa taa ndogo.

7. Na sisi wenyewe?

Mambo haya yanawahusu waseminari na mapadri pia. Wengine hufikiri: "Mimi nina wito, diploma ya Serikali itanifaa nini?" Itafaa sana. Konstitutio *Veritatis gaudium*, iliyotangazwa na Papa Fransisko mwanzo wa mwaka 2018 juu ya universite na fakulte za Kanisa, huagiza ya kuwa anayeingia katika fakulte hizo awe amemaliza masomo yanayoombwa ili mtu apokelewe katika universite ya kawaida. Basi padri anayetumwa na Askofu wake Kinshasa, Nairobi ao Roma, na hana diploma ya sekondari iliyo sawa, hata barua ya Askofu haitafungua mlango peke yake. Mseminari mdogo asiuchukue mtihani wa Serikali kuwa mchezo. Na yule anayetoka seminari kubwa kwa amani, aombe hati ya masomo aliyoyafanya, mwaka kwa mwaka, kabla ya kuaga.

Lakini konstitutio hiyo ina neno jingine, nalo lapaswa kutufurahisha sisi watu wa Fizi. Inaziagiza fakulte ziweke njia ya kuwachunguza na kuwapokea wakimbizi, na watu walio katika hali kama yao, wasio na karatasi za kawaida. Hii si ruhusa ya uvivu. Ni Kanisa linalokumbuka ya kuwa mtu anayekimbia risasi usiku hubeba mtoto, habebi biletini. Kama Kanisa limeandika hivyo katika sheria yake, sisi tusimdharau kijana aliyefika bila karatasi. Tumsaidie kuzitafuta upya: prefe aliyemfundisha, inspektere, mashahidi, kitabu cha parokia.

8. Tufanye nini katika parokia?

Twashauri mambo manne madogo, yasiyohitaji feza nyingi.

Kwanza, kila parokia ichague mtu mmoja, mwalimu ao katekista mwenye akili, atakayejua habari za universite, tarehe zao na feza zao, na kuziandika upya kila mwaka. Orodha ya mwaka jana ni kama mkate wa mwaka jana.

Pili, mwezi wa kwanza, kabla ya mtihani, aite vijana wa darasa la mwisho pamoja na wazazi wao, atazame karatasi zao moja moja: majina, tarehe, biletini, hati ya kuzaliwa. Panapo kosa, bado kuna miezi ya kulisahihisha.

Tatu, kila kijana awe na fotokopi za karatasi zake mahali pawili, na picha zake katika simu ya mtu mwaminifu aliye mbali. Nyumba ikichomwa, yasichomwe yote.

Nne, wasichana wasisahauliwe. Feza zikipungua, mara nyingi baba husema: "Kijana mwanaume aende, dada yake ataolewa." Katekista aliye na sauti katika jamaa asinyamaze hapo. Atazame biletini, asitazame sketi.

Wapendwa, siku hizo kijana atakapokuja kuuliza, msimwambie sala tu, wala msimwambie karatasi tu. Ketini naye mezani, mfungue dosie yake, msome jina lake katika kila ukurasa, mkahesabu pamoja feza za jamaa yake. Mkiona njia ipo, mwandikieni barua. Mkiona njia haipo mwaka huu, mwambieni bila kumficha, na mwonyesheni kazi ya kufanya hata mwaka ujao. Kisha salini pamoja naye. Hapo sala itakuwa na miguu ya kutembea, toka Baraka hata mlango wa universite, na, Mungu akipenda, toka huko kurudi tena kwa watu wa Fizi wanaomngojea.